Dakta Amesema Nusu

Kila asubuhi saa moja na nusu, Dakta Hoza aliwaamkia wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi ya zahanati ya Kwemhosi. Alianza na wazee, akaja kwa kina mama wenye watoto mgongoni, akamalizia na vijana, ambao aliwatania kwamba hawaumwi kitu, wamekimbia kuvuna kabichi. Siku hiyo bibi mmoja alicheka mpaka kikohozi kikambana, na Dakta akakatisha utani wake palepale. "Huyo aingie kwanza," alisema. "Hicho si kikohozi cha baridi."

Bahiya Shemhilu aliisikia sauti hiyo tangu getini, na miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe. Alikuwa ametoka Korogwe kumzika dada yake, siku tatu tu, na katika siku hizo tatu alikuwa ameikumbuka sauti hiyo kuliko alivyoikumbuka nyumba yake. Ilikuwa na mikwaruzo ileile ya mtu aliyevuta sigara ujanani kisha akaacha. Ilikuwa na ile namna ya kuvuta pumzi kabla ya kutaja jina la mtu. Haikukosa kitu, isipokuwa mwenyewe, ambaye walimzika miaka mitatu iliyopita nyuma ya kanisa, siku ya mvua, mji mzima ukiwa umefunga maduka.

Sasa sauti ilitoka kwenye kisanduku cha rangi ya maziwa juu ya mlango wa chumba namba moja. Kwenye makaratasi ya wilaya kiliitwa Mrithi, lakini Kwemhosi hakuna aliyejisumbua na jina hilo. Watu walisema wanakwenda kwa Dakta. Waliketi mbele ya meza ya kioo, wakaweka viganja juu yake, na meza ikasoma mapigo ya moyo, joto, sukari na wingi wa damu huku Dakta akiwauliza habari za ng'ombe na za mkwe aliyehamia Muheza. Kisha cheti kilikwenda chenyewe kwenye dirisha la dawa, na dirishani alikuwepo Bahiya.

Nyuma yake kulikuwa na kabati la dawa ambalo lingeweza kuifanya kazi hiyo bila yeye. Lilisoma cheti, likanyoosha mkono wake wa chuma na kuhesabu vidonge bila kukosea hata kimoja. Bahiya alikuwa amelizima tangu siku lilipoletwa, akidai linapiga kelele. Wilaya ilimvumilia kwa sababu hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kuumwa, na kwa miaka mitano hakuwahi kuchukua likizo. Walimpa hata cheti cha mfanyakazi hodari. Alikitundika nyumbani, kwenye ukuta asiouona anapokula.

Asubuhi hiyo alipofungua mlango wa chumba cha dawa alikuta kabati linanguruma. Kulikuwa na mtu aliyeliwasha.

Hakuvua hata mtandio wa safari. Alifungua orodha ya siku tatu kwenye kioo cha kabati, akaipitia kwa kidole mstari kwa mstari. Watoto, sawa. Malaria, sawa. Vidonda, sawa. Kidole kikasimama. Athumani Kaoneka, miaka sabini na nane. Dawa ya moyo, kidonge kizima kila asubuhi. Imetolewa.

*

Saumu Kaoneka alikuwa wa kwanza dirishani, na hakuja kuchukua dawa. Alikuwa binti wa mwisho wa Mzee Athumani, yule aliyebaki nyumbani kumtunza wenzake walipotawanyika. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Baba yuko wapi?"

"Tumempeleka hospitali ya wilaya jana. Alianza kutapika. Halafu akasema kila taa ina njano pembeni, hata jua lina njano. Nikadhani anachanganyikiwa. Kumpima, moyo unapiga mara thelathini na kitu kwa dakika." Saumu alishika ukingo wa dirisha. "Wanasema dawa imezidi. Wakaniuliza nimempa ngapi. Nikasema kimoja, kimoja kila asubuhi, kama ilivyoandikwa. Hawaniamini, sista. Kuna mkaguzi amekuja. Anasema Dakta hakosei, basi nimekosea mimi."

"Wewe hujakosea."

"Sijui," Saumu alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika. "Mwanzoni nilikuwa na hakika. Sasa wameniuliza mara nyingi mno. Labda nilimpa, nikasahau, nikampa tena. Wameniletea maelezo nisaini. Nadhani nitasaini tu."

Bahiya alimwambia asisaini kitu chochote mpaka jioni. Alilisema kwa ukali ambao hakuukusudia, na Saumu akaondoka akiwa ameogopa zaidi ya alivyokuja.

Mkaguzi alikuwa ndani tayari, kwenye chumba kidogo cha mikutano. Aliitwa Lutengano Mwaipaja, mtu mrefu na mpole kutoka Kitengo cha Usalama wa Tiba, mwenye tabia ya kuinama kwenye kila mlango hata ule usiomgusa. Alisimama Bahiya alipoingia, akampa pole ya msiba kwa maneno mengi na ya kweli, na Bahiya akaona uchungu kwamba mtu huyo hakuwa mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

"Ni mimi niliyeagiza kabati liwashwe ulipokuwa msibani," alisema. "Natumaini halikuleta shida. Hili la mzee ni la kusikitisha, lakini liko wazi. Njoo uone."

Aligeuza kioo chake cha mkononi kumwelekea. Alimweleza kwa subira, kana kwamba Bahiya hakuwepo siku mafundi walipokuja kupachika masikio ya kunasa sauti darini. Kwa miaka tisa ya mwisho ya kazi ya Dakta Hoza, masikio hayo madogo yalisikia kila neno lililosemwa chumba namba moja, na meza ya kioo ikaandika kila pigo la moyo. Kisha mashine ikangoja. Mgonjwa akirudi amepona, ilijua dawa ilikuwa sahihi. Akirudi amezidiwa, ilijua haikuwa sahihi. Vitabu vya udaktari Mrithi alivimeza kwa siku moja, lakini ilimchukua miaka tisa kumsoma Dakta Hoza, na palipokuwa na ubishi kati ya vitabu na Dakta, waliopona ndio walioamua.

"Mrithi mwenyewe hajui kwamba ana sauti ya mtu," Lutengano aliongeza, akitabasamu kidogo. "Sauti tulimvika baadaye, kwa ajili ya watu. Yeye anamjua Dakta kama tabibu namba moja tu. Sasa tazama hapa. Kuhusu hii dawa ya moyo, vitabu vinasema mzee ambaye figo zimechoka apewe nusu kidonge. Lakini katika miaka yake miwili ya mwisho, tabibu namba moja aliwaandikia wazee kidonge kizima. Kadi mia mbili na kumi na nne, sista. Hakuna hata mzee mmoja aliyedhurika. Wote walipona!" Alisema hivyo kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake. "Aligundua jambo ambalo vitabu havikuliona. Wazee wa milima hii wanahimili. Tunaiita Kanuni ya Kwemhosi. Jumatatu tunaipeleka kwenye zahanati arobaini."

Bahiya aliuliza, "Hizo zahanati zina kabati?"

"Zote."

"Na dirishani atakuwa nani?"

"Hazina dirisha," alisema Lutengano. "Dirisha ni mambo ya zamani."

*

Mambo ya zamani Bahiya aliyajua vizuri.

Zamani, kabla ya masikio ya darini, zahanati ilikuwa na sheria mbili, na zote mbili zilikuwa za Dakta Hoza. Ya kwanza ilikuwa kwamba ndani ya chumba, mbele ya mgonjwa, hakuna wa kumpinga mwenzake. "Mgonjwa akitoka humu na shaka," alisema, "dawa yangu ameiacha mezani." Ya pili ilikuwa chai ya saa nne.

Saa nne kamili mlango wa chumba cha dawa ulifungwa. Bahiya alimimina chai ya tangawizi, Dakta akafunua sahani ya magimbi ya kuchemsha, na kati yao wakaweka kadi zote za asubuhi hiyo. Walizipitia moja moja. Huyu ulimpa nini? Kwa nini? Uzito wake ulikuwa kiasi gani? Ulimuuliza anakojoa vizuri? Aliyemshika mwenzake na kosa alijitwalia gimbi kubwa, na mgonjwa mwenye kosa alifuatwa kwake siku hiyohiyo kabla hajameza kitu. Miaka ya mwanzo Bahiya alikula magimbi madogo mpaka akawa ananuna. Mwaka wa sita ndipo alipomshika Dakta kwa mara ya kwanza, sindano ya mtoto iliyoandikwa kwa uzito wa kaka yake, na Dakta aliruka kutoka kwenye kiti akapiga makofi, akamwita mfagiaji aje ashuhudie. Bahiya hakuwahi kula kitu kitamu kama gimbi lile. Kwemhosi watu walisema Dakta wao hakosei. Hawakujua ni makosa mangapi yalifia kwenye chumba kile, juu ya chai.

Lo, zile asubuhi! Kungekuwa na mtu wa kumrudishia moja tu, Bahiya angempa chochote alichonacho.

Kisha ikaja masika moja, Dakta akiwa na miaka sitini na mbili, ambapo Bahiya alipata makosa matatu katika asubuhi moja. La kwanza Dakta alilicheka. La pili alilinyamazia. La tatu aliichukua kadi, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akauliza taratibu, "Hii ni hati yangu?" Alimwekea Bahiya gimbi kubwa kwenye sahani. Bahiya alitoka nje akisingizia kwamba sukari imekwisha, akasimama nyuma ya tangi la maji akalia.

Kesho yake alipata makosa manne, akataja moja. Wiki iliyofuata hakutaja hata moja. Dakta alijitwalia magimbi makubwa siku baada ya siku, amechangamka kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani. "Unazeeka, sista," alimtania. "Siku hizi huoni kitu." Bahiya akacheka naye.

Alichofanya ni kununua wembe. Kila cheti kilipofika dirishani alikisoma mara mbili, na pale Dakta alipokosea alirekebisha mwenyewe, kimyakimya. Makosa mengine yalikuwa madogo. Lile la dawa ya moyo ndilo lililokuwa likirudi kila siku, kwa sababu habari ya nusu ilikuwa imemtoka Dakta kichwani moja kwa moja. Bahiya alivipanga vile vidonge vidogo vyeupe juu ya karatasi, akavikata katikati, akamkabidhi mzee huku akimtazama machoni. "Dakta amesema nusu." Kwenye kadi aliweka nukta ndogo ya penseli pembeni, ili yeye mwenyewe asisahau. Masikio yalikuwa darini chumba namba moja. Dirishani hayakuwekwa, kwa kuwa nani angefikiri dirishani kuna jambo la kusikilizwa? Cheti kiliandika kidonge kizima, mhuri ukaandika imetolewa, mzee akapona.

Na miaka mitatu iliyopita, Mrithi alipoanza kazi, mzee wa kwanza wa moyo aliletwa dirishani na cheti cha kidonge kizima. Bahiya alikitazama mpaka machozi yakamtoka. Dakta alikuwa amerudi na kila kitu chake, hata hicho. Badala ya kuogopa alishukuru, na hilo ndilo jambo ambalo baadaye alishindwa kulielewa. Alichukua wembe wake akaendelea na kazi kana kwamba hakuna aliyekufa.

*

Saa sita mchana alipanda kilima kwenda kwa mjane wa Dakta. Njia nzima alikuwa akitafuta upenyo. Angeweza kusema kabati limekosea kuhesabu. Saumu angeondolewa lawama, Mzee Kaoneka angerudishwa kwake, wembe ungeendelea. Ingekuwa amani tupu Kwemhosi. Na Jumatatu, kwenye miji arobaini ambayo Bahiya hajawahi kuiona, mikono ya chuma ingehesabu vidonge vizima kwa wazee wenye figo zilizochoka, na mabinti zao wangeambiwa wamekosea kuhesabu.

Mama Kunda alikuwa barazani akichambua maharage. Jina lake hasa lilikuwa Namsifu, lakini tangu Kunda azaliwe hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mumewe. Kila Jumanne alishuka zahanati kupima presha ambayo haikuwahi kupanda hata siku moja. Dakta alimuuliza habari za kuku, akamwambia apunguze chumvi, na Mama Kunda alirudi nyumbani ameridhika. Hakuna aliyemtania kwa hilo.

Bahiya alimweleza yote bila kupunguza. Mama Kunda aliendelea kuchambua.

"Ya vidonge sikuyajua," alisema mwishowe. "Lakini nilijua. Alikuwa anavaa shati ndani nje, nikimwambia anageuza utani. Siku moja aliniuliza Kunda anasoma darasa la ngapi, na Kunda ana watoto watatu. Nikasema ni uzee. Kila mtu alisema ni uzee. Mpaka alipoanguka, hospitali ya rufaa wakasema kichwani mlikuwa na uvimbe wa siku nyingi." Alitoa jiwe kwenye ungo akalitupa uani. "Ukisema haya watamzima?"

"Nimemuuliza mkaguzi kwa mfano tu, bila kutaja jambo lenyewe. Amesema baraza la madaktari haliwezi kuruhusu sauti ya tabibu aliyekosea mara nyingi iendelee kutibu watu. Wataweka ile ya kawaida, ya yule dada wa kwenye simu."

"Na wewe?"

"Leseni watachukua. Hilo halinisumbui."

"Linakusumbua. Usinidanganye, Bahiya." Mama Kunda aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama. "Mimi Jumanne nitakwenda wapi?"

Bahiya aliuvuta ungo, akaanza kuchambua maharage yaliyobaki.

"Umekuja kuomba ruhusa," alisema Mama Kunda. "Sikupi. Ulimficha bila kuniuliza, usiniulize leo unapotaka kumfichua. Nenda kazini kwako."

*

Lutengano alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama, na uso wake ukabadilika taratibu. Aliketi. Akakifungua kioo chake, akaitafuta Kanuni ya Kwemhosi, akaitazama. Kadi mia mbili na kumi na nne ambazo hazikuwa zimethibitisha kitu chochote isipokuwa wembe wa mwanamke mmoja.

"Siwezi kuifuta kwa kuandika," alisema. "Mrithi hakubali neno la pembeni. Tulimtengeneza hivyo makusudi, ili mtu asimchezee kutoka ofisini. Anajifunza kutokana na yanayosemwa ndani ya chumba, na hayo tu. Kila kosa lazima lisemwe mbele yake, kadi kwa kadi: jina, kilichoandikwa, kilichotolewa, sababu. Na awepo shahidi asiye mtumishi wa zahanati."

Ndani ya chumba, mbele ya Dakta. Miaka thelathini na mmoja Bahiya hakuwahi kufungua mdomo wake mle kumpinga, na sasa ilimpasa afanye hivyo mara mia mbili na kumi na nne mchana mmoja. Aliteremsha maboksi ya kadi za zamani kutoka juu ya kabati, kadi za karatasi ngumu zilizogeuka rangi ya chai, akazitafuta zenye nukta ya penseli. Alipofika chumba namba moja, kiti cha shahidi kilikuwa kimekaliwa. Mama Kunda alikuwa ameshuka kilima mwenyewe, amevaa nguo zake za kanisani, mkoba magotini, na hakumsalimia.

"Karibu," ilisema sauti. "Keti, mama. Habari za nyumbani?"

"Dakta, ni mimi, Bahiya," alisema. "Nimekuja kukurekebisha."

"Sema, sista."

Alipiga moyo konde, akashika kwanza kadi ya wiki hii. "Athumani Kaoneka. Umeandika kidonge kizima. Ilitakiwa nusu. Figo zake zimechoka."

"Kumbukumbu zangu zinaonyesha wazee wa hapa wanahimili kizima. Wote walipona."

"Walipona kwa sababu nilikuwa nakata. Kila kimoja. Nilikata kwa wembe, nikawaambia umesema wewe."

Bahiya alijikuta amekunja shingo kama mtu anayengoja kukemewa. Hakukemewa. "Kadi inayofuata," ilisema sauti.

Alisoma. Hemedi fulani, nusu. Bibi fulani, nusu. Nyingine hazikuwa za moyo tu. Huyu hakuulizwa uzito. Huyu aliandikiwa dawa ya jina linalofanana na jingine. Huyu alirudiwa swali lilelile mara nne. Kwenye kadi ya sitini Mrithi aliacha kubishana. Kwenye kadi ya mia, Lutengano alimwonyesha Bahiya kioo chake: Kanuni ya Kwemhosi ilikuwa imeondoka. Zahanati arobaini zingepokea nusu. Alitoka nje kumpigia simu Saumu Kaoneka amwambie kwamba maelezo yale yachanwe, akarudi akaketi. Bahiya angeweza kuona nafuu hapo, na aliiona, lakini zilibaki kadi nyingine. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Sauti yake ilikwaruza. Mama Kunda alisogeza glasi ya maji mbele yake, akarudisha mikono juu ya mkoba.

Kadi ya mwisho ilikuwa ya wiki ile Dakta alipoanguka. Bahiya aliisoma, akaiweka juu ya nyingine, akanyoosha ukingo wa rundo kwa viganja vyote viwili.

"Ndizo zote," alisema.

Ile pumzi ndogo ikavutwa, kama alivyofanya siku zote kabla ya kutaja jina la mtu, lakini hakutaja jina.

"Sista," alisema Mrithi, "makosa haya si ya kutawanyika. Yanafuatana. Kwanza anasahau figo. Mwezi wa tatu anasahau uzito. Mwezi wa saba anaanza kutafuta maneno, na anayoyakosa ni ya aina moja. Huu si uzee. Tabibu namba moja ni mgonjwa."

Lutengano aliinua kichwa. Mama Kunda hakujongea.

"Kuna kitu kinamkandamiza kichwani, upande wa kushoto, na kinakua polepole," iliendelea sauti ya Dakta Hoza, ikiwa na upole ule aliowawekea wagonjwa wenye habari mbaya. "Ningepewa marekebisho haya yalipotokea, ningemwona ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kikiwahiwa kinatolewa, na mtu anarudi kazini. Mleteni nimwone. Msingoje."

Miaka miwili Bahiya alikuwa amesimama dirishani akiwalinda wagonjwa wa Kwemhosi, mmoja mmoja, na yule mgonjwa mmoja aliyekuwa akinywa naye chai kila siku alimwachia gimbi kubwa. Hakuthubutu kumtazama Mama Kunda. Alimsikia tu akivuta pumzi, kisha akasema, kwa sauti ya nyumbani ambayo Bahiya hakuwahi kuisikia, "Hatakuja, baba Kunda."

"Wengi huogopa," alisema Mrithi. "Asije peke yake. Alikuwa na mtu wa karibu, anayemwona kila siku, ambaye angeweza kumshika mkono akamleta?"

Machozi yalikuwa yakimdondoka Bahiya juu ya kadi, na aliyaacha.

"Alikuwa naye," alisema.